Mtu Anayesema "Sijali" Anapotengwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Haiba ya Kupingana na Jamii

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu ninaowasikiliza katika kazi yangu ya ushauri nasaha. Wengi wao ni akina mama, dada na wake wanaoishi na mtu ambaye ukoo mzima umemchoka. Ameiba, amedanganya, amepiga, ameahidi akavunja ahadi, na sasa watu wamemsusa. Wanachotaka kujua ni kama kumtenga kunamgusa hata kidogo, au ndiyo kwanza wanampa uhuru alioutaka. Jibu si la sentensi moja, kwa hiyo nitakaa pale penye mengi ya kusema na kupita haraka pale pengine.

Haiba ya kupingana na jamii ni kitu gani hasa?

Ni mwenendo wa muda mrefu wa kutojali haki za wengine, unaoanza utotoni na kuendelea hadi utu uzima. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliliwekea tatizo hili vigezo vya wazi mwaka 1980, na toleo la mwaka 2013 linataja dalili 7: kuvunja sheria mara kwa mara, kudanganya watu, kukurupuka bila kupanga, ugomvi na kupigana, kuhatarisha maisha yake na ya wengine, kutowajibika kazini na kwenye madeni, na kutojuta baada ya kuumiza. Daktari anatakiwa kuona angalau 3, mtu awe ametimiza miaka 18, na pawe na ushahidi kwamba kabla ya miaka 15 tayari alikuwa na matatizo makubwa ya tabia.

Sharti hilo la mwisho watu hulisahau. Baba aliyeanza kudanganya na kukopa ovyo akiwa na miaka 40 baada ya kufukuzwa kazi ana shida, tena kubwa, lakini huenda si hii.

Shirika la Afya Duniani nalo limebadilisha njia. Katika orodha yake ya 11 ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, daktari hupima kwanza ukali wa tatizo la haiba, kisha hueleza tabia zinazotawala, mojawapo ikiwa ni huko kutojali wengine.

Mwanangu hapendi watu, anajifungia chumbani. Ndiyo hii?

Hapana. Jina linapotosha. Mtu mpole, mwenye aibu, asiyependa sherehe wala kelele, hapingani na jamii. Anapumzika mbali nayo tu. Wengi wenye haiba ninayoizungumzia ni wachangamfu, wanajua kuongea, na kijiweni ndio wanaochekesha.

Ni sawa na saikopathi?

Vinapakana lakini si kitu kimoja. Saikopathi hupimwa kwa kipimo cha mwanasaikolojia wa Canada, Robert Hare, chenye vipengele 20 na alama za juu kabisa 40. Marekani aliyefikia 30 ndiye huhesabiwa kuwa saikopathi. Kipimo hicho kinatazama ubaridi wa moyo, majivuno, kutohisi hatia na kutumia watu, pamoja na uhalifu wenyewe. Walio wengi kati ya wenye haiba ya kupingana na jamii hawafikii alama hizo.

Ninalisisitiza hili kwa sababu jibu la swali letu linategemea hapo. Ndani ya kundi moja lenye jina moja kuna watu wa aina mbili zinazotofautiana sana. Yupo wa baridi, anayekutazama machoni huku akikuibia, na mapigo yake ya moyo hayabadiliki. Yupo wa moto, anayelipuka kwa neno dogo, mwenye hofu na hasira zilizojaa hadi kooni. Kutengwa hakuwagusi sawasawa.

Kwa mtu wa kawaida, kutengwa kunauma kiasi gani?

Kuliko wengi wanavyodhani. Mwanasaikolojia wa Marekani, Kipling Williams, alikuwa bustanini na mbwa wake pale kisahani cha kuchezea kilipoanguka karibu naye. Akakirusha kwa vijana wawili wasiomjua, nao wakamrudishia. Wakacheza watatu kwa muda mfupi, kisha wale wawili wakaacha kumrushia bila kusema neno. Alishangaa jinsi alivyoumia kwa jambo dogo kama lile, tena kutoka kwa watu asiowajua.

Kutokana na siku ile alitengeneza jaribio, na kufikia mwaka 2000 lilikuwa limekuwa mchezo wa kompyuta ambao leo unatumika maabara nyingi duniani. Unaketi mbele ya skrini. Wewe ni mkono ulio chini, juu kushoto na kulia kuna wachezaji wawili wa katuni. Mpira unakujia mara moja, mara mbili. Baadaye hauji tena. Unawatazama wakirushiana, kushoto, kulia, kushoto, kulia, dakika mbili au tatu hivi, huku kidole chako kikiwa juu ya kitufe. Hakuna aliyekutukana. Hakuna aliyekuambia uondoke. Ukimaliza unajaza fomu, na fomu za watu wengi zinaonyesha kitu kilekile: wamepungukiwa na hisia ya kuwa mmoja wao, ya kujithamini, ya kuwa na usemi, na ya kuwa wapo kabisa. Mwaka 2015 uchambuzi uliokusanya majaribio 120 ya aina hiyo ulionyesha kwamba athari ni kubwa na hujirudia.

Watu huumia hata wakiambiwa wazi kwamba wenzao ni kompyuta tu. Huumia hata wakiambiwa waliowatenga ni wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa rangi la Marekani wanalolichukia. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake walipiga picha ubongo wa watu 13 wakiwa katikati ya mchezo huo, wakaona sehemu iliyoamka inahusika pia na maumivu ya mwili. Watafiti bado wanabishana jinsi ya kuisoma picha ile, lakini sisi tulisema "imeniuma" kabla ya mashine hizo kuwepo.

Basi mwenye haiba hii naye anaumia, au moyo wake umekufa?

Wengi wao wanaumia. Kinachotofautiana ni njia ambayo maumivu hupita hadi kutoka nje.

Nitaeleza kisa kimoja, na nimebadilisha mambo yake mhusika asitambulike. Kijana alitoka gerezani siku ya Ijumaa. Alipofika nyumbani walikuwa wanakula. Mkekani walikuwa watu 6 na sinia moja la wali. Hakuna aliyesogea. Mama yake akainuka, akampakulia kwenye bakuli la plastiki la kijani, naye akala amesimama mlangoni. Aliponisimulia alikuwa anacheka. "Wala sikujali, dada." Lakini miezi 8 ilikuwa imepita, na bado alijua walikuwa wangapi, nani aliketi karibu na nani, nani aliinamisha uso, na bakuli lilikuwa la rangi gani. Usiku ule ule alivunja kabati la kaka yake, akachukua pesa za ada ya shule.

Ukimuuliza alihisi nini atasema hasira. Huzuni hana jina lake. Wengi wa namna yake walikulia mahali ambapo kulia kulikupatia kipigo cha pili, kwa hiyo walijifunza mapema kugeuza kila kinachouma kuwa ugomvi. Hasira angalau inakupa kitu cha kufanya.

Kwa wale wa baridi, wenye alama nyingi kwenye kipimo cha Hare, mambo ni tofauti. Wao upungufu wao mkubwa uko kwenye hofu na kwenye kuguswa na mateso ya mtu mwingine. Ukiwatenga wanaweza kuona zaidi wamepoteza nini: pesa, mahali pa kulala, mtu wa kumtumia. Hata hivyo nisingekubali mtu aseme kwamba hawaguswi kabisa. Hadhi inawagusa sana. Kudharauliwa mbele ya watu ni jambo ambalo mtu wa namna hii halisahau.

Mbona sisi tunanyamaza tu, yeye anasema tumemchokoza?

Kwa sababu anausoma ukimya wako vingine. Mwaka 1980 mwanasaikolojia Kenneth Dodge aliwapa wavulana kazi ya kupanga vipande vya fumbo, kisha wakaona kazi yao imeharibiwa na mwenzao wasiyemwona. Ilipokuwa wazi kwamba mwenzao alikusudia, wote walikasirika. Ilipokuwa wazi kwamba ni ajali, wote walitulia. Tofauti ilitokea pale ambapo haikujulikana: wavulana wakorofi walijibu kana kwamba wamefanyiwa makusudi.

Watu wazima nao wako hivyo. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani waliwaonyesha wafungwa wenye vurugu na haiba hii nyuso zenye hisia zilizochanganywa, hofu kidogo, hasira kidogo. Wafungwa waliiona hasira pale ambapo watu wengine hawakuiona.

Sasa fikiria maisha yetu. Umemtumia ujumbe, tiki mbili za buluu zimetokea, hakujibu. Mwingine atasema labda yuko kwenye daladala. Yeye anasema amechuniwa. Shangazi amepita bila kusalimia kwa kuwa alikuwa anawaza mkopo wa kikoba. Yeye anasema amedharauliwa. Akitolewa kwenye grupu la ukoo la WhatsApp ndiyo kabisa, maana hapo hata mtu mpole angeumia.

Na hapa kuna jambo linaloniumiza mimi mwenyewe kila ninapoliona: mara nyingi amekisia sawa. Watu kweli wanamkwepa. Wanaficha simu anapoingia. Wanabadilisha mazungumzo. Kukisia kwake vibaya mara 3 kumekaa juu ya kukisia kwake sawasawa mara 7.

Kwa nini akitengwa anafanya fujo badala ya kujirekebisha?

Mtu aliyetengwa ana njia mbili kubwa. Anaweza kujipendekeza ili arudi, kama mtoto anayeanza kufagia uwanja bila kutumwa. Au anaweza kulazimisha watu wamwone. Williams anaeleza kwamba kinachoamua ni kile alichoona amenyang'anywa. Aliyepungukiwa na upendo na heshima huwa anajirekebisha, ilimradi aone mlango wa kurudi. Aliyenyang'anywa usemi, akaona hata kuwepo kwake hakutambuliwi, huelekea kwenye ukali, maana watu wakikuogopa angalau wanajua upo.

Jaribio la mwaka 2006 la Wayne Warburton na wenzake lilionyesha hili kwa pilipili. Watu walitengwa kwenye mchezo wa kurusha mpira, kisha wakasikilizishwa kelele kali. Baadhi waliruhusiwa kuamua kelele ianze lini, wengine hawakuruhusiwa. Baadaye kila mmoja alimpimia mchuzi wa pilipili mtu aliyejulikana kuwa hapendi pilipili. Waliotengwa bila kupewa usemi walimwagia zaidi ya mara 4 ya wenzao waliotengwa wakapewa usemi ule mdogo. Hawa walikuwa watu wa kawaida, hawakuwa wafungwa. Kuamua tu kelele ianze lini kulitosha kuzima moto mkubwa namna hiyo.

Sasa mchukue mtu ambaye tayari hukurupuka, tayari anaona uadui kila mahali, hajawahi kuona kujipendekeza kukimsaidia, na huenda amekunywa. Njia ya kwanza kwake haipo. Na kusema kweli, mara nyingi sisi ndio tumeifunga: amefagia uwanja, tumesema "anataka kitu."

Hilo halifuti kosa. Pesa za ada zilichukuliwa, na mtoto akarudishwa nyumbani.

Kwa hiyo kutengwa ndiko kunakoleta mauaji?

Usiende mbali hivyo. Mark Leary na wenzake walichunguza mashambulizi 15 ya risasi katika shule za Marekani kati ya 1995 na 2001, wakakuta kukataliwa na wenzao kulikuwepo karibu kote, isipokuwa matukio 2. Lakini waliona mambo mengine pia: kupenda silaha, sonona, kuvutiwa na vifo. Mamilioni ya watoto hukataliwa na hawamgusi mtu.

Alikuwa hivi tangu mtoto. Sisi wazazi ndio tulimharibu?

Mama mmoja aliniuliza hili huku amekunja leso mkononi mpaka ikawa kama kamba, na sikutaka kumpa jibu la kumfariji tu.

Kuna sehemu ya kurithi. Kuna sehemu ya kulelewa: kipigo, kutelekezwa, baba mlevi. Mara nyingi vyote viwili hukutana. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliofuatilia watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa 1972 na 1973, ulitoa mwaka 2002 matokeo kwamba wavulana walioteswa wakiwa na aina fulani ya jeni walikuwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa ukorofi ukubwani kuliko walioteswa wakiwa na aina nyingine. Jeni peke yake haikuamua.

Kutengwa kunaingia hapo katikati. Mtoto mkorofi hukataliwa na watoto wapole, basi anabaki na wakorofi wenzake. Walimu wanamkalisha nyuma. Anasimamishwa shule, anaenda kukaa stendi na waliomtangulia kusimamishwa. Kila mlango unaofungwa unampeleka kwa watu wale wale, na kule hakuna anayemfundisha namna ya kuomba msamaha.

Lakini usikate tamaa mapema. Mtafiti Lee Robins, aliyewatafuta watoto 524 wa kliniki ya St. Louis, Marekani, miaka 30 baadaye na kuchapisha matokeo mwaka 1966, alionyesha mambo mawili kwa pamoja: karibu kila mtu mzima mwenye haiba hii alikuwa mtoto mkorofi, ila watoto wakorofi walio wengi hawakuishia huko. Ukiwa na mtoto wa miaka 9 anayeiba na kupiga wenzake, uko kwenye wakati ambao bado mengi yanaweza kugeuka. Usikubali atolewe shule bila kupigania.

Gerezani wanawafungia peke yao. Inasaidia?

Mwaka 2002 Seena Fazel na John Danesh walijumlisha tafiti 62 za wafungwa kutoka nchi 12. Karibu asilimia 47 ya wanaume walikuwa na haiba hii, na asilimia 21 ya wanawake. Kwa hiyo tukizungumza juu ya gereza, kwa sehemu kubwa tunazungumza juu yao.

Chumba cha upweke ni kutengwa kulikokamilika. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema ni kifungo cha upweke pale mfungwa anapokaa saa 22 au zaidi kwa siku bila kukutana na binadamu kwa maana, na zinakataza kuzidisha siku 15 mfululizo. Mtu asiyejua kukaa na watu hawezi kujifunza kukaa na watu akiwa amekaa na ukuta.

Je, hata madaktari huwatenga?

Wamewahi, na waliandika wenyewe. Mwaka 2003 Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa waraka wa sera uliosema kwenye jina lake kwamba tatizo la haiba lisiendelee kuwa utambuzi wa kumfungia mtu mlango. Ilibidi liandikwe hivyo kwa sababu kwa miaka mingi mgonjwa akipewa jina hilo, kliniki nyingi zilisema hatibiki na kumrudisha alikotoka. Mwaka 2009 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba huko huko, ikatoa mwongozo mzima juu ya haiba hii: mafunzo ya kikundi ya kubadili fikra na tabia, kutibu pombe na sonona kama watu wengine wanavyotibiwa, na dawa zisitolewe kiholela kwa ajili ya haiba yenyewe.

Kwetu, anayefika hospitali ya akili, Mirembe Dodoma au Mathari Nairobi, ni nadra aje akisema "nina tatizo la haiba." Huja kwa pombe, kwa bangi, kwa kujikata, au kwa amri ya mahakama. Ukimsindikiza ndugu yako, muombe daktari atazame na hili, na ueleze alivyokuwa kabla ya miaka 15. Wewe ndiye shahidi wa utoto wake.

Kuna tiba, basi?

Hakuna kidonge. Kuna kazi ndefu, na historia yake ina funzo kubwa juu ya kutengwa.

Katika gereza la Grendon, Buckinghamshire, Uingereza, lililofunguliwa mwaka 1962, wafungwa wenye makosa mazito huishi katika jumuiya ndogo. Wanakutana, wanaketi kwa duara, na kila mmoja huulizwa juu ya alichofanya jana: kwa nini ulimjibu fulani vile, kwa nini hukuosha sufuria. Aliyevunja kanuni anaweza kujadiliwa na wenzake na kupigiwa kura kama bado ana nafasi pale. Natamani watu wa kwetu wangeuona utaratibu huo. Kutolewa kupo, ni jambo zito, lakini mhusika yuko ndani ya chumba. Anasikia sababu. Anajibu. Hakuna anayemchunia.

Lililo kinyume ni hospitali ya Penetanguishene, Ontario, Canada, ambako katika miaka ya 1960 na 1970 wagonjwa walifungiwa pamoja siku kadhaa wakiwa uchi, wengine wakapewa LSD, dawa ya kulevya inayoleta njozi, eti waufikie ukweli wa mioyo yao. Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 1992 ulikuta saikopathi waliopita humo walirudia vurugu zaidi kuliko wenzao waliokaa gerezani tu. Ukaribu usio na kanuni nao si dawa.

Anthony Bateman na Peter Fonagy wa Uingereza wametengeneza njia inayomfundisha mtu kusimama kidogo na kujiuliza: mwenzangu anawaza nini sasa hivi, na je, nina hakika? Inalenga pale pale penye ugonjwa, kwenye kuusoma ukimya wa mtu.

Umri pia husaidia. Daktari Donald Black wa Iowa, Marekani, aliwafuatilia wanaume 71 kwa miaka 16 hadi 45. Wapo waliotulia na wapo wasiotulia, na kutulia hakukumaanisha kuwa walirudisha ndoa au kazi walizopoteza.

Tukimtenga kama familia, hatajifunza?

Kwa wengi wao, hapana. Anachojifunza ni kwamba alikuwa sahihi: watu wote ni adui, basi awahi yeye kabla hajawahiwa. Nimeliona mara nyingi mno kulisema kwa upole.

Mahali pengi kwetu adhabu kali kuliko zote ni kususiwa: husaidiwi shambani, ukipata msiba hawaji, hata kaburi hawachimbi. Inafanya kazi kwa mtu anayeogopa kumpoteza kila mmoja. Kwa mtu aliyekwisha kuamini kwamba hana mtu, umemnyang'anya nini?

Lakini sikuambii umfungulie sanduku la pesa. Kuweka mpaka na kumtenga ni vitu viwili. Mpaka una maneno, una sababu na una njia ya kurudi. "Hulali hapa, kwa sababu mara mbili umechukua vitu vya watoto. Jumapili njoo saa saba ule nasi. Ukija umelewa, utarudi, na Jumapili inayofuata utakaribishwa tena." Hapo amejua kosa, amejua kanuni, na bado ana usemi kidogo: kuja au kutokuja, kulewa au kutokulewa. Kumbuka ile pilipili.

Na akija, msogelee mkekani. Ficha simu na funguo kabla hajafika kama unalazimika, ila usizifiche mbele ya macho yake. Mpakulie kwenye sahani kama za wengine. Mtu mmoja ndani ya nyumba awe ndiye wa kusema naye mambo magumu, asigombezwe na watu 6 kwa zamu. Akiahidi, mpe ahadi ndogo inayopimika, ya kesho, si ya maisha.

Ataivunja. Utarudia kanuni ile ile kwa sauti ile ile. Inachosha, najua, na una haki ya kuchoka na kumwachia mtu mwingine zamu.

Ananipiga. Nami nisimtenge?

Ondoka. Maelezo yote hapo juu yanamhusu mtu ambaye unaweza kuketi naye ukiwa salama. Akishakunyanyulia mkono, akakutishia kwa kisu, au akawagusa watoto, kinachotangulia ni wewe na wao. Tanzania nenda Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi; Kenya piga 1195. Kuondoka kwako si adhabu kwake, na hudaiwi na mtu, hata mama mkwe, kuwa daktari wake. Usimtangazie siku ya kuondoka: saa hizo ndizo za hatari zaidi.

Nimesoma yote haya na ninayemwona humu ni mimi. Nifanye nini?

Umenipa furaha kwa kuuliza. Wengi hawafiki hapa.

Safari ijayo utakapohisi umechuniwa, kabla hujafanya lolote, ondoka mahali hapo kwa miguu. Tembea mpaka kifua kishuke. Kisha jitajie sababu 3 ambazo mtu yule angeweza kuwa nazo zisizokuhusu wewe: amechoka, hana salio, ana mgonjwa nyumbani. Huhitaji kuziamini, zitaje tu kwa sauti. Na kama umekunywa, usiamue chochote usiku huo.

Tafuta daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia katika hospitali ya rufaa ya mkoa wako, umwambie ukweli wote, na yale uliyoyafanya ukiwa mtoto. Akikukatisha tamaa, tafuta wa pili.

Halafu chagua mtu mmoja, yule ambaye bado hupokea simu yako japo kwa shingo upande. Usimwombe msamaha wa miaka 10 kwa siku moja, hatakuamini. Mwandikie tu: "Kesho saa nne asubuhi nitakupigia." Na saa nne ikifika, mpigie.